Asali ya Mgori na Hesabu ya Ukolezi

Mashariki ya mji wa Singida upo Msitu wa Mgori, msitu wa miombo wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyopakana nao vilijitwika kazi ya kuulinda vyenyewe, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuutia nguvu utaratibu wa namna hiyo nchini kote. Miongoni mwa faida ambazo wanavijiji huzipata msituni humo ni asali. Mizinga hutundikwa mitini, nyuki huingia, na msimu ukifika mrinaji hujaza ndoo zake, huzifunga, kisha huziweka akiba akingojea bei nzuri.

Hapo ndipo hasara huweza kuanza. Baada ya miezi michache kifuniko cha ndoo moja huvimba, na ikifunguliwa hutoa povu na harufu ya pombe. Ndoo ya jirani yake, iliyojazwa wiki ile ile kwa asali ya msitu ule ule, ni nzima kabisa. Mnunuzi atadai kwamba asali ilitiwa maji. Mrinaji ataapa kwamba haikutiwa hata tone. Yamkini wote wawili wana haki. Asali imeharibiwa na maji, lakini maji hayo yalikuwamo tangu nyuki walipoikusanya. Kinachotenganisha ndoo nzima na ndoo iliyochacha huwa ni asilimia mbili au tatu tu.

Asali, kwa mtazamo wa kemia, ni mmumunyo: sukari iliyoyeyuka katika maji. Sukari zilizo nyingi zaidi ni mbili, fruktosi na glukosi, nazo aghalabu huwa takriban asilimia 38 na asilimia 31 ya uzito wa asali. Zimo pia sukari nyingine kwa kiasi kidogo, pamoja na asidi, madini na vitu vinavyoleta rangi na harufu. Sehemu inayobaki ni maji, kwa kawaida kati ya asilimia 16 na 22. Kila mtu aijua chai iliyokolea sukari na chai isiyokolea. Kipimo cha kukolea huko ndicho wanasayansi wakiitacho ukolezi. Ukolezi hausemi kuna sukari kiasi gani katika ndoo nzima. Husema kuna sukari kiasi gani katika kila kilo moja, au katika kila lita moja, ya mmumunyo.

Maneno hayo mawili, kilo na lita, yasichanganywe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, bali lita moja ya asali nzuri ina uzito wa takriban kilo 1.42. Mrinaji auzaye debe la lita 20 kwa bei ya kilo 20 humpa mnunuzi zaidi ya kilo 8 bila malipo. Katika ukolezi nako tofauti ni kubwa vilevile. Asali yenye maji asilimia 18 ina gramu 820 za vitu vikavu katika kila kilo, lakini katika kila lita ina gramu 1,164. Mkemia apendaye kuhesabu kwa moli ataona kwamba lita hiyo ina gramu 440 hivi za glukosi. Kwa kuwa moli moja ya glukosi ni gramu 180, hizo ni moli 2.4; na fruktosi, ambayo moli yake ina uzito huo huo, hufikia moli 3. Ni mmumunyo mzito usio na mfano jikoni.

Uzito huo ndio ulinzi wa asali. Hamira za porini, vijidudu vigeuzavyo sukari kuwa pombe, zimo katika kila asali. Nyuki huzileta pamoja na mbochi kutoka mauani. Lakini kiumbe chenye chembe moja kikizungukwa na mmumunyo uliokolea mno hunyonywa maji kupitia ngozi ya chembe yake, kikashindwa kuzaliana. Uchunguzi uliofanywa Kanada na A. G. Lochhead na kuchapishwa mwaka 1933 ulionyesha kwamba asali yenye maji pungufu ya asilimia 17.1 haichachi, hata hamira zikiwa nyingi namna gani. Ikizidi asilimia 19, hatari ni kubwa hata kama hamira ni chache. Katikati ya viwango hivyo usalama hutegemea wingi wa hamira zenyewe. Mpishi wa wanzuki aijua siri hiyo bila kuhitaji maabara: huchukua kilo moja ya asali, huitia katika kilo nne za maji, na ukolezi hushuka kutoka asilimia 82 hadi 16.4. Sukari ni ile ile gramu 820, nayo katika siku chache huwa imeumuka.

Nyuki, kwa upande wao, hufanya kazi iliyo kinyume na ya mpishi huyo. Tuseme mbochi waliouleta mzingani una sukari asilimia 30. Ili kupata kilo 28 za asali yenye vitu vikavu asilimia 82, yaani kilo 22.96 za vitu vikavu, nyuki wahitaji mbochi wa kilo 76.5. Kilo 48.5 za maji hazina budi kuondoka, nazo huondolewa kwa kuusambaza mbochi katika vijumba vya sega na kuupungia mabawa. Kazi ikikamilika huziba vijumba kwa nta. Kwa hiyo sega lililozibwa ni cheti cha ukolezi kilichoandikwa na nyuki wenyewe, na sega lililo wazi ni asali changa ambayo yaweza kuwa na maji asilimia 23 au zaidi. Mrinaji anayekamua usiku kwa haraka, akayatia yote pamoja ndooni, hana njia ya kujua amechanganya nini.

Hasara ya mchanganyiko huo yaweza kuhesabiwa. Kanuni ni nyepesi: yatafute maji yaliyomo katika kila fungu, yajumlishe, kisha yagawe kwa uzito wa jumla. Kilo 21 za asali iliyoiva, yenye maji asilimia 17, zina maji kilo 3.57. Kilo 7 za asali changa, yenye maji asilimia 23, zina maji kilo 1.61. Jumla ni maji kilo 5.18 katika asali kilo 28, ambayo ni asilimia 18.5. Wanafunzi wengi hujibu asilimia 20, kwa kuwa hiyo ni katikati ya 17 na 23. Husahau kwamba mafungu hayakuwa sawa. Hata hivyo asilimia 18.5 si habari njema. Kilo 21 ambazo zingedumu miaka sasa zimeingizwa katika eneo la mashaka kwa ajili ya kuziokoa kilo 7. Kama mrinaji angetaka mchanganyiko usizidi asilimia 18, asali yake iliyoiva ingeweza kupokea kilo 4.2 tu za ile changa. Na pasipo kukorogwa vyema, hesabu yote ni bure: asali yenye maji mengi ni nyepesi zaidi, huelea juu, na kuchacha huanzia hapo.

Maji hupimwa kwa chombo kidogo kiitwacho refraktometa, ambacho hupima jinsi nuru inavyopindwa ipitapo katika mmumunyo. Kadiri mmumunyo ulivyokolea, ndivyo nuru inavyopindwa zaidi. Kwa maji matupu kipimo hicho ni 1.333, kwa asali yenye maji asilimia 18 ni 1.4915, na kwa yenye asilimia 20 ni 1.4865. Vipimo hivyo ni vya joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Kwa kila nyuzi moja juu ya hapo, kipimo hushuka kwa takriban 0.00023. Asali yenye maji asilimia 17.6 ikipimwa mchana katika nyuzi 30 bila kurekebishwa itasomeka kama yenye asilimia 18.5, na pengine itakataliwa kwa kosa la jua. Vyombo vingi vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, mradi tu asali na chombo viachwe kwanza vilingane joto. Yafaa pia kujua kwamba chombo hiki hakitambui sukari ya nyuki na sukari ya dukani. Hupima ukolezi, si uaminifu.

Swali linaloulizwa na wengi ni je, asali yenye maji asilimia 22 yaweza kuokolewa? Yaweza, lakini hesabu yake ina mtego. Katika kilo 28 za asali hiyo, mtu hufikiri kwamba ili kushuka hadi asilimia 18 inatosha kuondoa asilimia 4, yaani kilo 1.12 za maji. Akifanya hivyo atabakiwa na maji kilo 5.04 katika asali kilo 26.88, na hiyo ni asilimia 18.75. Amepungukiwa kwa sababu maji yalipotoka, uzito wa jumla nao ulipungua. Katika hesabu za namna hii sharti kutafuta kile kisichobadilika. Vitu vikavu havivukizwi: vilikuwa kilo 21.84 na vitabaki hivyo. Kilo 21.84 zikigawanywa kwa 0.82 hutoa kilo 26.63. Maji ya kuondoa, basi, ni kilo 1.37.

Namna ya kuyaondoa ni jambo la tahadhari. Asali huwiana na hewa: penye unyevunyevu wa hewa wa takriban asilimia 60, asali hutulia kwenye maji asilimia 18 hivi. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, kama ilivyo mara nyingi Singida katika kiangazi, asali iliyomwagwa katika sinia pana hutoa maji. Wakati wa masika asali iliyoachwa wazi huyanywa. Kuichemsha ni kosa. Moto hugeuza sehemu ya fruktosi kuwa kitu ambacho jina lake refu hufupishwa kuwa HMF. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kilichotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 2001, chaagiza maji yasizidi asilimia 20, na HMF isizidi miligramu 80 kwa kilo katika asali ya nchi za joto. Katika ndoo ya kilo 28 hizo ni gramu 2.24, kama nusu kijiko cha chai.

Imebaki ndoo ya mwisho, inayowashangaza hata wafanyabiashara wazoefu: asali iliyopimwa asilimia 19, ikakubaliwa, ikaganda, kisha ikachacha. Kuganda si dalili ya kutiwa sukari. Glukosi iliyomo katika asali aghalabu ni nyingi kuliko maji yawezavyo kuimudu, hivyo sehemu yake hujitenga na kuwa fuwele. Kila gramu 180 za glukosi zikiganda hushika gramu 18 za maji. Katika kilo moja ya asali, gramu 150 za glukosi zikiganda zitachukua gramu 15 tu za maji. Sehemu iliyobaki majimaji ni gramu 835, nayo ina maji gramu 175; ukolezi wake sasa ni maji asilimia 21. Hamira, ambazo zilikuwa zimelala, huamkia humo kati ya fuwele. Dawa yake ni kuiweka ndoo katika maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, mpaka fuwele ziyeyuke zote, kisha kuikoroga kutoka chini hadi juu.