Neno 'mshtuko' linavyoficha hatari tofauti mwilini

AJALI ikitokea barabarani hukosi kumsikia mtu akiwatuliza wenzake: "Huyu hajaumia, ni mshtuko tu." Anayezungumziwa ameketi kando ya lami, amelowa jasho, anapumua mbiombio na anaomba maji. Waliomzunguka wanamtafutia soda. Kinachowapotosha, kwa maoni yangu, ni lugha.

"Mshtuko" ni nomino inayotokana na kitenzi "shtuka". Mzungumzaji wa kawaida akiisikia humfikiria mtu aliyegutuka kwa kishindo au kwa habari mbaya za simu. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo hudunda, viganja hutoa jasho. Dakika chache baadaye mwili hurejea hali yake. Mshtuko wa aina hii hupita wenyewe.

Daktari hulitumia neno lilo hilo kwa jambo jingine kabisa: damu haizifikii ogani muhimu kwa kiasi kinachotosha. Huo haupiti wenyewe. Unaua.

Chukua mfano wa anayevuja damu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Lita moja ikipotea, mishipa ya ngozini hujibana ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana ngozi huwa baridi na yenye unyevu, nao mpigo wa moyo huwa wa kasi na dhaifu. Vitabu husema mgonjwa "anapauka", lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni afadhali kutazama midomo, viganja na upande wa ndani wa kope. Kwa muda mwili hujikaza hivyo, hata mashine ya kupimia presha inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Damu ikizidi kuvuja, presha huporomoka, mgonjwa huanza kuweweseka, kisha huzimia.

Kiu yake ni ya kweli, ila kumpa soda au chai ni kumhatarisha. Anaweza kutapika na kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji. Kandamiza jeraha, mlaze bila kumpinda shingo, mfunike asipate baridi, apelekwe hospitalini haraka.

Na si lazima damu ionekane. Bandama iliyopasuka huvujia ndani ya tumbo. Kipindupindu humwaga maji ya mwili hadi mishipa ikapwaya. Viini vikienea katika damu, mishipa hutanuka; hapo mwanzoni ngozi inaweza hata kuwa na joto, kinyume kabisa na nilivyoeleza. Kuna pia anayedungwa na nyuki mmoja tu, akavimba koo na presha ikaanguka papo hapo kwa sababu mwili wake haupatani na sumu hiyo. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini, tena upesi.

Mtaani watu husema "presha imeshuka". Wasomi hawalipendi sana tamko hilo, lakini linamkaribia daktari kuliko "mshtuko". Mimi ningependekeza "kuporomoka kwa mzunguko wa damu". Ni refu, najua, ila hakuna atakayeliongezea "tu". "Mshtuko wa moyo" nao una kasoro hiyo hiyo: wengi hudhani unasababishwa na hofu, ilhali kwa kawaida mshipa unaolisha misuli ya moyo ndio umeziba.

Kwenye stima, hata hivyo, Kiswahili kimetutendea haki. Hatusemi mtu "ameshtuliwa" tukanyamaza. Tunasema amenaswa au amerushwa. Stima ya majumbani nchini ni ya volti 240 na hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Aliyeshika waya hubanwa na misuli ya mkono wake mwenyewe, ambayo hujikunja asiweze kuachia. Huko ndiko kunaswa. Kurushwa nako hutokea misuli mikubwa ya miguu na mgongo inapojikaza kwa ghafla. Si waya unaomsukuma. Mkondo ukipita kifuani, moyo unaweza kuacha kudunda na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Mikono iliyolowa hurahisisha njia hiyo. Usimguse aliyenaswa kabla ya kuzima stima.

Radi ni kisa tofauti, ingawa wanaoishi Kisii na Kakamega, ambako hupiga mara kwa mara, husikia maonyo yale yale. Humpiga mtu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuondoka. Wapo wanaoogopa kumgusa majeruhi wakiamini bado amebeba umeme. Hajabeba chochote. Ikiwa hapumui, mgeuze chali, weka viganja katikati ya kifua na uanze kubonyeza kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika.