Nipe mji nikuuzie kitunguu: Utani wa soka na vitendawili mpakani Namanga

"Kitendawili!" anapaza sauti mama muuza vitunguu, huku mikono yake ikiendelea kuchambua gunia lililofika alfajiri kutoka Karatu.

"Tega!" wanaitikia wanunuzi wake, wengi wao kutoka upande wa Kenya.

"Tulipika watatu, wakala wageni."

Kijana wa bodaboda anajaribu: "Siafu." Si kweli. Mnunuzi mwingine anasema ni harusi ya mjini. Si kweli. Baada ya majibu matatu kukataliwa, wanasalimu amri, na mama anadai haki yake: "Nipeni mji!"

"Chukua Nakuru."

"Siitaki, baridi itaniua."

"Basi chukua Mombasa, mama."

"Hapo sawa. Nilikwenda Mombasa, nikala samaki, nikanywa madafu, watu wa Mombasa wakanisalimu vizuri wakaniuliza habari za jirani zao. Nikawaambia jirani zao hawajui jibu. Jibu ni CHAN."

Kicheko kinapasuka. Kila mchuuzi hapo anakumbuka Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani. Wenyeji wote watatu walivuka makundi, na wote watatu wakaishia robo fainali. Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti, Tanzania ikafungwa na Morocco bao 1-0, Uganda ikafungwa na Senegal vilevile 1-0. Agosti 30, fainali ikapigwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, kati ya wageni wawili, Morocco ikaichapa Madagascar 3-2.

"Huyu mama ametuweza," anakiri mnunuzi wa Nairobi. "Lakini nawe ulikuwa jikoni, usijitoe."

Ndivyo asubuhi nyingi zinavyoanza Namanga, mji mmoja wenye pande mbili, Longido kwa Tanzania na Kajiado kwa Kenya. Vitendawili ambavyo wengi waliviacha kwa bibi zao vimepata kazi mpya. Asiyejua jibu hutoa mji, na hapa desturi ni kutoa mji wa nchi yako. Ikifika saa sita mchana, mama wa vitunguu huwa amekwisha kumiliki Mombasa, Kisumu na Eldoret bila kulipa ushuru hata senti. Naye akikwama, Arusha huenda, Tanga huenda. Dodoma huibania. "Hayo ni makao makuu, bwana. Hayatolewi kwa kitendawili cha yai."

Soka nayo imeingia kwenye bei. Juni 27, 2019, jijini Cairo, Harambee Stars na Taifa Stars zilikutana katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania ilitangulia mara mbili, kwa mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta, lakini Kenya ikarudi kupitia Johanna Omolo na mabao mawili ya Michael Olunga. Matokeo: 3-2. Tangu hapo wapo Wakenya ambao hawaombi punguzo kwa njia ya kawaida. Husema tu, "Mama, nifanyie bei ya Cairo," maana yake apewe visado vitatu kwa bei ya viwili.

Jibu lake nalo limezoeleka: "Cairo mlishinda, lakini mbona tulipanda ndege ya kurudi pamoja?" Ni kweli kwamba timu zote mbili ziliishia hatua ya makundi. Majirani wa Uganda ndio waliosonga mbele hadi 16 bora, wakatolewa na Senegal. Dereva wa lori kutoka Kampala akipita na kusikia ubishi huo, humaliza kwa namba moja tu: 15. Ndiyo idadi ya mara ambazo Uganda imetwaa Kombe la Chalenji la CECAFA. Hakuna anayemjibu. Huagiziwa chai ili aondoke haraka.

Utani na biashara havikukutana jana. Wanyamwezi na watu wa pwani walitaniana tangu enzi za misafara iliyobeba mizigo kati ya bara na bahari. Mtani aliweza kukucheka machoni, lakini ukipatwa na msiba au ukiishiwa njiani, yeye alikuwa wa kwanza kukusaidia. Hata leo magazeti ya michezo huziita Simba na Yanga watani wa jadi, si maadui.

Wachuuzi wa Namanga wanaijua tofauti hiyo, kwa sababu riziki yao imekaa juu yake. Sehemu kubwa ya mzigo hutoka kwa mali kauli: chukua leo, uza Nairobi, lipa ukirudi. Hakuna wakili wala dhamana. Kuna sura, namba ya simu na neno la mtu. Kwa hiyo sheria moja ya utani haivunjwi: cheka timu, usicheke kwao mtu. Kijana aliyewahi kuwaita wenzake wa ng'ambo washamba baada ya mechi hakugombezwa. Alinyimwa mzigo wa mkopo hadi alipokwenda kwa mama wa vitunguu, akaamkia shikamoo na kuomba radhi.

Zipo siku vitendawili vilikatika vyenyewe. Machi 2021 Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalipanga foleni mpakani. Zuio liliondolewa siku chache baadaye kwa masharti, lakini kwa mwenye mahindi ya watu juu ya lori, siku chache ni nyingi. Katika siku kama hizo hakuna anayetega wala anayetegua.

Mzee anayeuza mahindi ana kitendawili chake kwa wageni wa biashara: "Kikaratasi changu kidogo chabeba magunia." Wengi hutoa mji. Jibu ni cheti rahisi cha uasilia, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ili zisitozwe ushuru wa forodha. "Mwanangu," humwambia aliyeshindwa, "mji nitakurudishia. Wewe kachukue cheti kwanza, uachane na njia za panya."

Jua linapokuwa kali, mnunuzi wa Nairobi amefunga magunia yake. Nusu amelipa, nusu ni mali kauli hadi Jumamosi. Kabla ya kuondoka naye anatega chake: "Jiko ni lilelile, wapishi walewale watatu, safari hii nani atakula?"

Wote wanajua anazungumzia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuliandaa pamoja.

"Hicho hakina jibu bado," anasema mama. "Nenda, shemeji. Ukirudi Jumamosi na hela yangu, nitakupa Dodoma."