Si Kila Homa ni Malaria

Dar es Salaam mtu akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria. Shingo ikimpinda na macho yakimpanda juu, wapo watakaosema ana majini. Lakini ikiwa anatumia dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli au klopromazini, dawa yenyewe ishukiwe.

Klopromazini ilianza kutibu wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Baadaye Arvid Carlsson wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alisaidia kuonyesha siri yake: dawa hizi huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopitisha taarifa ubongoni. Dopamini hiyohiyo huongoza misuli na husaidia kudhibiti joto la mwili. Ndiyo maana dawa inayonyamazisha sauti kichwani inaweza pia kukaza shingo.

Mkazo huo huja saa au siku chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, hasa kwa vijana wa kiume. Taya hukakamaa, ulimi hutoka, macho hukwama. Unatisha, lakini sindano inayofaa huulegeza upesi. Koo likibana, ni dharura.

Dhara la pili ni nadra, ila huua. Madaktari wa Ufaransa walilieleza mwaka 1960: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Misuli huharibika, na mabaki yake huumiza figo. Joto na upungufu wa maji huongeza hatari, kwa hiyo mbeba mizigo wa Kariakoo anayetumia dawa hizi asishinde juani bila kunywa maji. Malaria ipimwe, lakini hata ikionekana, dhara hili la dawa lisisahauliwe.

Dalili hizo zikitokea, usimpe mgonjwa dozi inayofuata. Mkimbize hospitali yenye huduma ya dharura. Kutoka Kariakoo, Muhimbili iko jirani tu, Upanga. Beba dawa zake zote, na kama huchomwa sindano ya mwezi, taja tarehe, kwani hiyo hukaa mwilini wiki kadhaa. Huko atapozwa, ataongezewa maji na figo zake zitafuatiliwa. Mwombe mhudumu aripoti tukio hilo kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kutetemeka kidogo kusikufanye utupe dawa: ukiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi. Rudi kwa daktari akupunguzie dozi au akubadilishie dawa.