Kitanzi Kisicho na Fundo: Ustadi wa Kuunga Kamba

Tawi kubwa la mvule au la mwembe likiinama juu ya paa la nyumba, mwenye nyumba hana budi kulikata. Kulikata na kuliacha lianguke ni kuvunja paa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo tawi hufungwa kamba, hukatwa, kisha huteremshwa polepole mpaka chini. Katika kazi hiyo usalama wa mkataji aliye juu na wa wasaidizi walio chini huitegemea kamba. Na aghalabu kamba hukatika pale palipopigwa fundo.

Watu wengi hudhani kwamba fundo likiwa kubwa ndipo kamba inapokuwa imara. Sivyo. Kamba huwa na nguvu zake zote inapovutwa ikiwa imenyoka, kwa maana kila uzi hubeba sehemu yake ya mzigo. Ikipindwa ghafula katika fundo, nyuzi za upande wa nje huvutika sana, na zile za ndani hulegea zisifanye kazi. Basi nyuzi chache hubeba mzigo wa zote, nazo hukatika kwanza, na nyingine hufuata. Mafundo mengi huondoa theluthi moja ya nguvu za kamba, na mengine huondoa nusu. Kamba iwezayo kuhimili kilo 1,000 yaweza kukatika kwa kilo 500 tu ikiwa na fundo baya. Kitanzi kilichoungwa vizuri bila fundo hupoteza kama sehemu moja tu katika kumi.

Ustadi huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mabaharia wa majahazi ya Lamu na Mombasa waliunga kamba zao za tanga na za nanga zamani sana, kabla mkonge haujajulikana huku. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, na katika mimea yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na mmea huo hupatikana kamba za katani, ambazo zinafaa sana kwa kujifunzia.

JINSI YA KUUNGA

Kamba ya kawaida ya katani imesokotwa kwa nyuzi nene tatu, na kila mojawapo huitwa pote. Kuunga kitanzi ni kuyafumua mapote hayo kwenye ncha ya kamba, na kuyapenyeza tena katikati ya mapote ya kamba yenyewe. Vyombo vinavyohitajiwa ni kisu kikali, uzi, na kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha, kwa kutanulia mapote.

Kwanza, kamba yenye unene wa milimeta 12 ifumuliwe kiasi cha sentimeta 25. Ifungwe uzi pale ufumuaji unapokoma, na kila pote lifungwe uzi nchani lisichanuke. Kisha kamba ipindwe kufanya kitanzi cha ukubwa unaotakiwa, na mapote yaliyofumuliwa yalazwe juu ya kamba yenyewe.

Pili, pote la katikati lipenyezwe chini ya pote moja la kamba yenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha msokoto. Pote la kushoto lipite juu ya pote lile lile, kisha liingie chini ya pote linalofuata upande wa kushoto. Hapo kitanzi kigeuzwe, na pote la tatu liingie chini ya pote moja lililobaki, vilevile kutoka kulia kwenda kushoto. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa kuwa baada ya kugeuza kitanzi mkono hupenda kupenyeza kwa upande usiofaa. Alama ya kazi njema ni hii: mapote matatu hutokeza mahali patatu mbalimbali, katika kimo kimoja, wala hapana mahali ambapo mawili hutokea pamoja.

Tatu, kila pote livutwe mpaka yote yakaze sawasawa, kisha kazi irudiwe: juu ya moja, chini ya moja. Kwa kamba ya katani mizunguko mitatu hutosha; kwa nailoni, ambayo huteleza, iwe mitano au zaidi. Mwisho kiungo kivingirishwe chini ya kiatu, na ncha zikatwe, lakini zisikatwe karibu mno.

Kiungo hiki hakishikwi kwa gundi wala kwa fundo. Mzigo unapovuta, mapote hubanana. Na jinsi mzigo unavyozidi, ndivyo yanavyozidi kubanana.

MAMBO YA KUANGALIA

Kiungo kizuri hakiondoi haja ya akili. Tawi lililoanguka mita moja na kusimamishwa ghafula huivuta kamba kwa nguvu iliyopita uzito wake mara nyingi. Kwa hiyo kamba izungushwe mara mbili au tatu kwenye shina la mti, na mshikaji aiachie kidogo kidogo, asiizungushe mkononi mwake. Mafundi waangalifu hawaitwishi kamba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Tena, kamba ya katani isitumike kumbeba mtu juu ya mti. Unyevu huiozesha kwa ndani, na huku nje huonekana nzima. Wakataji miti wa siku hizi hupanda kwa kamba za nailoni au poliesta zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyingi katika hizo zimesukwa, hazikusokotwa. Nazo huungwa kwa njia nyingine, kwa kufuata maagizo ya watengenezaji.

Mwenye kutaka kujifunza na achukue kipande cha kamba kuukuu chenye urefu wa mita moja, akae kivulini, aunge, afumue, na kuunga tena. Kiungo cha kwanza kitakuwa kibaya, na cha kumi kitapendeza. Hicho nacho kijaribiwe kwanza kwa gogo zito lililoinuliwa shubiri moja tu kutoka chini, watu wakiwa wamesimama mbali, ndipo kitumiwe juu ya paa la mtu.