Mfululizo wa Michezo Unaozeeka Pamoja na Wachezaji Wake

Bwana misitu anapokagua msitu hatosheki na kuitazama miti mikubwa. Huinama akahesabu miche. Msitu uliojaa miti minene lakini usio na miche unaonekana kuwa na afya, kumbe unakufa polepole. Kanuni hiyo inafaa pia kuchunguzia jambo la ufundi wa kisasa: mfululizo wa michezo ya video uitwao Final Fantasy, ambao wachezaji wake wengi waliupenda walipokuwa watoto na sasa ni watu wazima.

Mchezo wa kwanza ulitolewa Japani mwezi Desemba 1987 na kampuni ya Square, chini ya uongozi wa Hironobu Sakaguchi. Mchezaji huchukua nafasi ya wahusika wa hadithi, akasafiri, akapigana na kujiongezea nguvu. Kila mchezo wenye namba mpya una nchi yake na watu wake. Mchezo wa saba, uliotoka mwaka 1997, ndio ulioupatia mfululizo huu sifa kubwa nje ya Japani.

Je, zamu ndiyo sababu?

Katika michezo ya mwanzo vita viliendeshwa kwa amri: mchezaji huchagua tendo katika orodha, kisha mhusika hulitenda. Mwaka 2022 Naoki Yoshida, mtayarishaji wa mchezo wa 16, alieleza kwamba vijana wengi hawaoni tena raha ya kuchagua amri. Kwa hiyo mchezo huo, uliotoka Juni 2023, ukafanywa wa mapigano ya papo kwa papo.

Maelezo hayo yanavutia, lakini yanapaswa kupimwa. Pokémon, ulioanza mwaka 1996, umeendelea kutumia zamu katika vizazi vyake vyote vikuu hadi cha mwaka 2022, na watoto hawajauacha. Mwaka 2025 mchezo wa Kifaransa uitwao Clair Obscur: Expedition 33, ambao pia ni wa zamu, uliuza nakala zaidi ya milioni 3 katika miezi miwili ya kwanza. Basi zamu peke yake haiwezi kuwa sababu ya kutosha.

Hesabu ya miaka

Tutazame tarehe. Kati ya mwaka 1987 na 2001 ilitoka michezo 10 yenye namba, yaani mmoja kwa kila mwaka mmoja na nusu hivi. Hali ilibadilika baadaye. Tukiiacha ile miwili inayochezwa na watu wengi pamoja kwa njia ya mtandao, yaani wa 11 na wa 14, mchezo wa 13 ulitoka mwaka 2009, wa 15 mwaka 2016 na wa 16 mwaka 2023. Kijana aliyetimiza miaka 12 mwaka 2017 alitimiza 18 mwaka 2023. Ujana wake wote ulipita bila mchezo mpya wa namna hiyo. Katika Pokémon, muda kati ya kizazi na kizazi haukuzidi miaka minne.

Mbona muda umerefuka? Mchezo wa kwanza ulikuwa na ukubwa wa kilobaiti 256 tu, na picha zake zilikuwa vidoto vichache. Mchezo wa 16 unazidi gigabaiti 80, yaani zaidi ya mara laki tatu. Kila uso, jani na sauti huhitaji mtu wa kuviunda. Kazi hudumu miaka mingi na gharama hupanda.

Hapo ndipo mzunguko unapoanza kujilisha wenyewe. Gharama ikiwa kubwa, kampuni huwategemea wanunuzi wa hakika, nao ni wale wa zamani. Ndiyo maana mchezo wa saba umeundwa upya katika sehemu, ya kwanza mwaka 2020 na ya pili mwaka 2024. Wazee wa mchezo wakihudumiwa, njia ya mgeni huzidi kuwa nyembamba.

Mlango wa kuingilia

Mchezo wa 16 ulipotoka ulipatikana katika mashine ya PlayStation 5 peke yake, kwa bei ya takriban dola 70 nchini Marekani. Huko uliwekewa daraja la watu wenye miaka 17 na zaidi. Isitoshe, mgeni akiona namba 16 hudhani ni lazima aijue mingine 15, ingawa sivyo. Wakati huohuo Fortnite, tangu mwaka 2017, huingiwa bila malipo, na mtoto hukuta rafiki zake humo tayari.

Nakala milioni 3 za mchezo wa 16 zilisambazwa na kuuzwa katika wiki ya kwanza. Idadi hiyo si ndogo, lakini inaonyesha ukubwa wa miti, haisemi lolote juu ya miche. Kubadili namna ya kupigana hakutoshi ikiwa mtoto hafikii mlango. Kinachohitajika ni michezo midogo zaidi, inayotoka mapema zaidi, na inayochezeka kwa kifaa alicho nacho kijana.

Maswali ya darasani

1. Chora mstari wa miaka wa michezo iliyotajwa. Onyesha ulikuwa na umri gani kila mmoja ulipotoka.

2. Taja chama, ngoma au mchezo wa kijijini kwenu. Hesabu wanachama walio chini ya miaka 20, kisha ueleze hali yake baada ya miaka 30.