Gesi ya Samadi: Mipango ya Serikali Imemfaa Nani?

Kama unafuga ng'ombe, bila shaka umesikia habari za kupikia gesi ya samadi. Wengine huiita bayogesi. Hii ni nishati isiyokwisha: ng'ombe akila, samadi ipo, samadi ikioza mahali pasipo hewa, gesi ipo. Serikali ya Tanzania imeihimiza tangu miaka ya 1970. Je, imefaulu? Kwa wengine ndiyo, kwa wengine bado.

Mwaka 1975 Shirika la Viwanda Vidogo Vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya namna ya India. Mtambo huo ni shimo lililofunikwa kwa pipa kubwa la chuma. Gesi ikijaa, pipa hupanda, ikitumika, hushuka. Lakini chuma ni ghali, tena hushika kutu. Mkulima atapata wapi pipa jingine? Mitambo ikabaki michache.

Miaka ya 1980 kituo cha serikali cha CAMARTEC, kilichoko Arusha, kikisaidiwa na Wajerumani, kilileta mtambo mwingine. Huu ni kuba la matofali na saruji, nalo hufukiwa ardhini. Hapa adui si kutu, ni ufa. Gesi hupenya hata kwenye ufa usioonekana kwa macho. Basi mafundi wakafanya ujanja: chini ya kuba waliweka pete ya saruji dhaifu, makusudi kabisa. Ukuta ukicheza, ufa hutokea pale na kuishia pale, haupandi kwenye gesi. Kwa maoni yangu, pete ile imewasaidia wakulima kuliko hotuba nyingi.

Mwaka 2009 ulianza mpango mkubwa zaidi, kwa msaada wa mashirika ya Uholanzi. Lengo lilikuwa mitambo 12,000 kwa miaka mitano. Mafundi walifundishwa, na familia zilipewa ruzuku, yaani sehemu ya gharama ililipwa na mpango. Maelfu ya mitambo ilijengwa, ila lengo lile halikufikiwa kwa muda huo.

Kwa nini? Tupige hesabu. Ng'ombe wawili wanaofugwa zizini hutoa samadi kama kilo 25 kwa siku. Kilo moja hutoa gesi kama lita 40. Kwa hiyo unapata lita 1,000. Jiko hula kama lita 400 kwa saa. Utapika saa mbili na nusu, chai na ugali na maharage kidogo. Si haba!

Lakini ng'ombe wanaoshinda machungani huacha samadi nyingi huko huko porini. Na kila ndoo ya samadi huhitaji ndoo ya maji. Mama anayefuata maji kilometa tatu atapumzika kubeba kuni, halafu abebe ndoo zaidi. Huyo amesaidiwa nini? Na ruzuku humfaa aliye na fedha za kumalizia gharama. Asiye nazo hana la kufanya, anabaki kwenye moshi.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati mwingine, kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Gesi ya mtungi imo pia. Hiyo haina moshi kama wa kuni, lakini hutoka chini ya ardhi, nayo ina mwisho, tena mtungi ukiisha sharti ulipe tena. Ya samadi hukuachia hata tope lake, mbolea nzuri ya migomba. Ningependa safari hii wahesabu majiko yanayowaka, si mitambo iliyojengwa tu.

Ukitaka kujenga, kwanza muulize fundi nani atakuja mtambo ukiharibika. Na ukihisi gesi inavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Usipime kwa kiberiti.