Majivu, Ndimu na Sabuni: Kila Kimoja na Kazi Yake

Katika ziara zetu za ufuatiliaji kwenye sharika za Handeni na Korogwe huwa hatuachi kuingia jikoni. Wapo wajumbe wa kamati wanaoshangaa, maana wamezoea wageni kutoka ofisini kukagua vitabu vya fedha, tenki la maji na daftari la mahudhurio, kisha kunywa chai na kuondoka. Lakini mradi wa uji kwa watoto wa chekechea unaanzia kwenye sufuria. Sufuria ikiwa chafu, unga uliochangwa kwa moyo na washarika pamoja na wafadhili unaweza kumletea mtoto ugonjwa badala ya afya.

Mambo mawili yametufanya tuandike makala hii. La kwanza ni bajeti. Usharika mmoja wa upande wa Handeni ulituletea bajeti ya jiko isiyo na hata mche mmoja wa sabuni. Kwenye mstari wa usafi waliandika kwamba watatumia majivu na ndimu, vinavyopatikana bure. Kamati ilijivunia kubana matumizi, na mmoja wa marafiki zetu wa ng'ambo alipoiona alituandikia kutupongeza kwa kurudi kwenye njia za asili zisizo na kemikali.

La pili lilitokea upande wa Korogwe. Mpishi mmoja alichanganya dawa ya klorini na maji ya ndimu, akaanza kusugua choo akiwa amefunga mlango. Wenzake walimtoa akikohoa na macho yakibubujika machozi, wakamkimbiza zahanati. Tunashukuru kwamba alipona. Yeye aliamini kuwa dawa mbili nzuri zikiunganishwa zitasafisha maradufu.

Kamati ya kwanza iliamini majivu kupita kiasi, na mpishi wa pili hakujua ndimu ina nguvu gani. Kwa hiyo tumeona ni vyema kueleza vitu hivi vinafanya kazi namna gani, na vinaishia wapi.

Majivu yanafanyaje kazi?

Majivu ya kuni yana chumvichumvi za alikali, hasa kaboneti ya potasiamu. Yakikutana na maji na mafuta yaliyogandia kwenye chombo, alikali hiyo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Ndiyo maana mama akisugua sufuria ya maharage kwa majivu mabichi, mkono huanza kuteleza. Papo hapo chembechembe za majivu hukwangua uchafu. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wakibahatisha. Majivu ya magunzi na ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi, na wanaoyapenda kwa vyombo vyenye mafuta mengi wana sababu nzuri.

Ukiyaloweka majivu mengi kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kuyachuja, unapata maji ya rangi ya chai yanayoteleza. Hayo ni makali. Yanachoma ngozi na yanaweza kuharibu macho, hivyo yasiachwe mahali ambapo mtoto anafika.

Akina mama wa Handeni wana mbinu nyingine ambayo tunaomba jiko la kila usharika liige. Kabla ya kubandika sufuria kwenye mafiga, wanaipaka nje majivu yaliyokorogwa na maji kidogo hadi yawe kama tope. Masizi hushika kwenye tope hilo, wala hayashiki kwenye sufuria. Baada ya kupika, yote hutoka kwa kusuuza. Tumeona wapishi walioacha mbinu hii wakitumia nusu saa nzima kwa sufuria moja, na waya wa kusugulia ukiitoboa kidogokidogo.

Hapa maji ndiyo jambo lenyewe. Handeni ni kukavu. Kwa miaka mingi vijiji vimetegemea malambo, visima vya msimu na bomba kuu la Handeni, lijulikanalo kama HTM, linaloleta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe. Mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 iliyosainiwa Juni 2022 kwa mkopo kutoka India inaigusa miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Hata hivyo, bomba likifika mjini bado halijafika kila kitongoji, na mama anayebeba dumu la lita 20 kichwani hawezi kuosha vyombo kama mtu mwenye sinki. Anachofanya ni kusugua kwanza kwa majivu makavu au mchanga laini, kufuta mafuta yote, ndipo asuuze. Maji yanayohitajika hupungua sana. Mgeni anaweza kuona vyombo vimepakwa vumbi akadhani ni uchafu, kumbe ni hesabu.

Madumu yenyewe yanapoota ute wa kijani ndani, mkono hauingii. Njia ya siku zote ni kutia changarawe ndogo safi na maji kidogo, kutikisa kwa nguvu na kumwaga, mara mbili au tatu. Inafaa.

Majivu yachekechwe, yatoke kwenye kuni au mkaa mtupu, na yatunzwe kwenye kopo lenye mfuniko. Tunalisisitiza hili kwa sababu mifuko ya plastiki, ingawa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, bado haijaisha majumbani, na vifungashio vingine vya plastiki ni vingi. Watu wanawashia moto navyo. Majivu yenye plastiki iliyoungua, mbao za rangi au taka za jalalani yasiguse chombo cha chakula. Aidha, chombo cha alumini kisilale na majivu mabichi usiku kucha, kwani alikali huila alumini na kuifanya iwe nyeusi yenye vidoa.

Ndimu, ukwaju na katani

Ndimu, malimau na ukwaju hufanya kazi kinyume cha majivu, kwa kuwa ni tindikali. Tindikali huyeyusha kutu, ukoko mweupe wa chumvi za maji unaobaki kwenye birika, na weusi wa sufuria ya alumini. Mti wa mkwaju unavumilia ukame, hivyo Handeni ukwaju haukosekani. Kiganja kimoja kikichemshwa kwenye sufuria iliyofifia, hurudisha mng'ao. Ndimu iliyochovywa chumvi inatosha kwa ubao wa kukatia na kwa harufu ya samaki mikononi. Maganda ya machungwa yana mafuta yanayolegeza grisi, na Handeni na Muheza kwenye machungwa mengi maganda hayo hutupwa tu.

Kuhusu kitu cha kusugulia, kila mahali na chake. Pwani ni makumbi ya nazi. Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, ni mabaki ya katani yaliyofungwa kifundo. Mkonge huo si mmea wa asili kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapona 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Leo katani ya bure inasugua vizuri kuliko sifongo ya dukani, ambayo ikikaa na majimaji inakuwa makao ya vijidudu. Katani nayo ianikwe juani na itupwe ikianza kunuka.

Mahali panapoishia

Hapa ndipo tunapotofautiana na bajeti ile ya Handeni. Kuondoa uchafu ni kazi moja, na kuua vimelea ni kazi nyingine. Majivu na ndimu vinaifanya vizuri ile ya kwanza. Hiyo ya pili inahitaji joto, sabuni, jua au klorini. Ndugu zetu Wamaasai wanaoishi Handeni na Kilindi wanalijua hili. Kibuyu cha maziwa hawakioshi tu, bali hukisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, na joto pamoja na moshi vinapunguza vimelea. Kichanja cha kuanikia vyombo juani ni wazo hilohilo. Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, ambayo ilihimiza usafi wa mazingira na vyoo. Kichanja kikioza, kijengwe kingine. Hakihitaji mfadhili.

Kuhusu mikono, wafadhili wetu wanapaswa kuelewa jambo moja. Shirika la Afya Duniani linakubali majivu pale ambapo sabuni haipo kabisa. Lakini mwaka 2020, wakati wa korona, watafiti wa Cochrane walizipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu kunawa kwa majivu, wakakuta ushahidi hautoshi kusema kama yanazuia maambukizi. Katika takwimu za dunia zinazotolewa na shirika hilo pamoja na UNICEF, kaya yenye maji na majivu bila sabuni haihesabiwi kuwa na huduma ya msingi ya kunawa mikono. Kwa hiyo kibuyu chirizi chenye kopo la majivu ni hatua, wala hatukidharau, ila hatuwezi kukiandika kwenye taarifa kama lengo lililofikiwa.

Sabuni haihitaji kuwa ghali. Gramu 30 hivi za sabuni ya unga zikikorogwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisha kifuniko kikatobolewa, zinawanawisha watoto wengi, wala hakuna anayeondoka na kipande mfukoni.

Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na nyakati kama hizo huzuka mazungumzo kwamba ndimu ni kinga. Yana chembe ya ukweli. Utafiti uliofanyika Guinea-Bissau miaka ya 1990 ulionyesha kuwa ndimu iliyotiwa kwenye mchuzi wa wali ilisaidia, maana kimelea cha kipindupindu hakipendi tindikali. Lakini hiyo ni ndimu ndani ya chakula. Sakafu iliyotapikiwa haisafishwi kwa ndimu. Inahitaji klorini. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Uchafu uzolewe kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu mwingi huisha nguvu.

Klorini kamwe isichanganywe na ndimu, ukwaju, siki wala dawa nyingine ya choo. Tindikali huitoa klorini kwenye maji ikawa gesi, na gesi hiyo hushambulia mapafu. Ndiyo iliyompata yule mpishi. Ikitokea, toka nje kwenye hewa safi, acha mlango wazi, na usirudi kumwagia kitu kingine.

Tunaongeza neno moja lisilo la jikoni, kwa kuwa tulilikuta njiani. Majivu yasiwekwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hata kama bibi anasema ndivyo walivyolelewa. Yanaweza kuleta pepopunda, na mtoto mchanga mwenye pepopunda mara nyingi hufa. Kitovu kiachwe safi na kikavu, na mama afuate maelekezo ya zahanati.

Bajeti ya usharika ule tumeirudisha, na kamati imeongeza sabuni ya vipande na ya unga kwa muhula mzima. Majivu yamebaki kwa masufuria, ndimu kwa birika. Rafiki yetu wa ng'ambo tumemjibu kwa barua, tukamweleza haya yote. Fomu za bajeti ya robo ijayo zitakuwa na mistari miwili tofauti, mmoja wa vifaa vya kusafishia na mwingine wa sabuni na klorini. Ule wa pili usipojazwa, fomu itarudishwa kwa katibu wa usharika.